6061 au 5083? Kuchagua alumini ya boti, ngazi na madirisha kwa pwani ya Mtwara na Lindi

Mabamba mawili ya alumini yamelazwa mezani kwa fundi. Yote meupe, yote ya milimita 4, uzito wake haupishani kwa kiasi cha kusumbua, na ukiyagonga yanatoa mlio mmoja. Moja lina chapa ya 6061-T6, jingine 5083-H116. Orodha ya muuzaji inasema la kwanza huanza kupinda bila kurudi likifikia mkazo wa takriban MPa 276 (megapaskali, kipimo cha mkazo), na la pili 228. Mnunuzi analinganisha tarakimu, analipia 6061, anaenda kuchomelea boti. Siku boti inashushwa majini Shangani, ile 276 haipo tena. Kando ya kila mshono, upana wa kidole gumba kila upande, imebaki kama 110.

5083 nayo hupoteza kando ya mshono, lakini hubaki kati ya 125 na 155, kutegemea kanuni ya usanifu unayoifuata. Bamba lililoonekana dhaifu dukani ndilo lenye nguvu baharini. Kwa hiyo tarakimu iliyochapwa kwenye bamba isikuamulie. Kinachohesabika ni nguvu itakayobaki baada ya moto wako na chumvi ya bahari kumaliza kazi yao.

Nguvu inakaa wapi

Soma kwanza herufi iliyo baada ya kistari. T ina maana aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) imepata nguvu zake kwa joto: imepashwa, ikapozwa ghafla, kisha ikakomazwa. H ina maana imepata nguvu kwa kukandamizwa baridi kwenye rola. Hapa tutaziita ya kuvundikwa na ya rola, kwa sababu kinachofanyika ndani ya T6 kinafanana sana na kuvundika ndizi: joto la wastani, muda maalumu, na ukizidisha inaharibika.

Alumini ikiwa ya moto hubeba ndani ya mpangilio wake wa atomu vitu ambavyo ikipoa haivitaki. Shaba ni mfano ulio wazi. Kwenye nyuzi 548 za Selsiasi alumini inaweza kubeba shaba hadi 5.65%, kwenye joto la kawaida haibebi hata nusu asilimia. Ukiipasha na kuitosa majini kwa ghafla, shaba inanaswa humo kabla haijapata nafasi ya kujitenga. Baadaye, kwenye joto la kawaida au ndani ya oveni, atomu hizo zinaanza kukusanyika vikundi vikundi. Hayo ndiyo mashapo, isipokuwa haya hayatui chini ya chombo: yanajitenga ndani ya metali ngumu, kila mahali kwa wakati mmoja. Mjerumani Alfred Wilm aliona aloi yake ya alumini na shaba ikizidi kuwa ngumu siku baada ya siku bila kuguswa, mwaka 1906, na hakujua sababu. Vikundi vyenyewe vilionekana mwaka 1938 tu, kwa eksirei, pale Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza walipovigundua kila mmoja kivyake: visahani vyenye unene wa safu moja ya atomu.

Kwenye 6061 wahusika ni magnesi na silikoni. Kwanza vinatokea vikundi visivyo na umbo la kueleweka. Vikiendelea kukomaa vinakuwa sindano ziitwazo β″, unene wa nanomita chache na urefu wa makumi ya nanomita, zikilala kufuata pande tatu za fuwele. Hapo ndipo T6 ilipo. Joto likiendelea, sindano zinanenepa kuwa fito za β′, na mwisho vibamba vya β, yaani Mg₂Si yenyewe, vikubwa na vichache.

Kwa nini vidogo vingi vinashinda vikubwa vichache? Metali ikipinda, kinachotembea ndani yake ni mistari ya kasoro kwenye mpangilio wa atomu, iitwayo disilokesheni. Chukua kamba ndefu inayoburuzwa na mkondo juu ya shamba la mwani la Songo Songo, maji yakipwa. Vigingi vikiwa karibu karibu, kamba inanasa kila hatua. Ukivichukua vigingi vyote ukavifunga kuwa magogo machache yaliyo mbali mbali, mti ni ule ule kwa uzito, lakini kamba inajipinda kati ya gogo na gogo, inaacha kitanzi kimoja nyuma, na inapita. Bamba la 6061 lililopitiliza kwenye joto lina magnesi na silikoni ile ile lililotoka nayo kiwandani. Umbali kati ya vigingi ndio uliobadilika.

5083 haina sindano hizo. Ina magnesi 4.0 hadi 4.9% iliyobaki imeyeyuka ndani, juu yake ikaongezwa nguvu ya rola. Moto wa kuchomelea unafuta ile ya rola, ya magnesi inabaki. Ndiyo maana inaporomoka kidogo.

| | 5083-H116 | 6061-T6 | 6063-T5 | 7075-T6 |
|---|---|---|---|---|
| Huanza kupinda (MPa) | 228 | 276 | 145 | 503 |
| Hukatika (MPa) | 317 | 310 | 186 | 572 |
| Kuchomelea | vizuri | inawezekana, kwa hasara kubwa | inawezekana, kwa hasara | usijaribu |
| Maji ya bahari | nzuri sana | nzuri ikitunzwa | nzuri | mbaya |

Hizi ni tarakimu za kawaida za aloi, si za chini kabisa za mkataba. Ukisanifu kitu kitakachobeba watu, tumia zile za chini zilizoandikwa kwenye kiwango cha bamba ulilonunua.

Boti ya kuchomelea: 5083, na bado kuna masharti

Kwa chombo cha mita 5 hadi 6 kitakachokwenda Msimbati au Kilwa Masoko na kurudi, 5083 ya milimita 4 chini na 3 ubavuni ni chaguo la kawaida. Usiombe "5083" tu. Omba hali ya H116 au H321, iliyopimwa kwa kubanduka kwa tabaka. Kiwango cha mabamba hayo ni ASTM B928. 5083 nyingine ya rola, isiyopimwa hivyo, inaweza kuwa na nguvu ile ile na bei nafuu, halafu baada ya misimu kadhaa ya kusi na kaskazi ikaanza kufura na kubanduka tabaka tabaka kama ganda la kitabu kilicholowa.

Waya wa kuchomelea ni 5183, au 5356 ukikosa. Wengi huweka 4043 kwa sababu inatiririka vizuri na mshono unapendeza. Kwa 6061 sawa. Kwa 5083 ni kosa: silikoni ya waya inakutana na magnesi nyingi ya bamba, Mg₂Si inajaa kwenye mshono, na mshono unakuwa mkavu wa kupasuka. Mabamba ya 5083 yakiungwa na mhimili wa 6061 au 6082, jambo la kawaida kabisa kwenye boti, waya ni ule ule wa 5356 au 5183.

Gesi ni agoni safi. Ile ya kuchanganywa na kabonidaioksidi ya kuchomelea chuma haifai hata kidogo. Kwa TIG (kuchomelea kwa ncha ya tangsteni) tumia umeme wa AC, kwa sababu ngozi ya oksidi juu ya alumini huyeyuka zaidi ya nyuzi 2,000 wakati metali ya chini yake inayeyuka karibu na 600. Mzunguko wa AC ndio unaoivunja ngozi hiyo. Halafu kuna unyevu. Mikindani asubuhi bamba lililolala nje lina umande hata kama hauonekani, na umande ni hidrojeni, na hidrojeni ni matundu ndani ya mshono. Lete mabamba ndani siku moja kabla. Futa kwa asetoni kwanza, kisha piga brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma. Ukianza na brashi unasugua mafuta kuyaingiza ndani.

Sasa sharti ambalo wauzaji hawalitaji. Kwenye 5083 nayo mashapo hutokea, ila haya ni ya hasara. Aloi yenye magnesi inayozidi 3% ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 65 na kuendelea, magnesi inatoka polepole na kujipanga kwenye mipaka ya chembe, yaani fuwele ndogo ndogo zinazounda metali, kama Al₃Mg₂. Maji ya chumvi yanaila mstari huo kwanza, na bamba linapasuka kufuata mipaka ya chembe likiwa bado linang'aa juu. Sehemu za juu za meli za kivita za Marekani za daraja la Ticonderoga zilijengwa kwa aloi ya ukoo huu, 5456, na zilipata nyufa nyingi za namna hiyo. Kwenye boti ndogo hatari iko kwenye sanduku la injini, karibu na bomba la moshi, na kwenye sitaha iliyopakwa rangi nyeusi ikaachwa juani mwezi Novemba. Tumia 5052 kwa sehemu hizo: magnesi yake ni 2.2 hadi 2.8%, nguvu kidogo, lakini ugonjwa huo haina. Sitaha ipake rangi nyeupe au iachwe bila rangi.

Rangi ya kuzuia kome na mwani chini ya boti isiwe yenye shaba. Valvu za shaba nyeusi zisiguse bamba moja kwa moja. Anodi za zinki, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya boti, zinafanya kazi baharini, lakini kwa boti inayoingia mlango wa Ruvuma na kulala huko kwenye maji ya mchanganyiko, anodi za alumini zinashika vizuri zaidi. Zinki kwenye maji yenye chumvi kidogo hujifunika ganda na kulala. Usifunge za magnesi kwenye boti ya baharini, zinazidisha umeme hadi rangi inabanduka na alumini yenyewe inaumia.

Ngazi, kichanja cha paa la gari, fremu: 6061-T6, kwa bolti

Hapa 6061 au ndugu yake wa Ulaya 6082 ndiyo ya kuchukua, mradi uunge kwa bolti au riveti. Nguvu yote ya T6 inabaki, upungufu ni ule wa tundu tu. Weka tundu mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo chake. Bolti ziwe za stenlesi 316, na chini ya kichwa na nati weka washa za nailoni. Ukiweza ingiza na kijibomba cha nailoni ndani ya tundu. Bolti za chuma zilizopakwa zinki hudumu bara. Kwenye upepo wa bahari zinki huisha, kutu inabaki, na alumini iliyoizunguka inageuka unga mweupe.

Kama lazima uchomelee, panga mshono ukae pasipo na mkazo mkubwa. Mhimili unaobeba mzigo katikati usichomelewe kukata upande wake wa juu au wa chini pale katikati. Sogeza kiungo kuelekea ncha, au kiweke ubavuni katikati ya kimo cha mhimili. Angalia ngazi za alumini za kiwandani: vipandio vyake vimetanuliwa kwa kubanwa ndani ya miguu, havijachomelewa. Wanajua wanachokikwepa. Ngazi iliyokatika kipandio ikachomelewa na fundi wa mtaani inaonekana nzima, lakini mguu wa ngazi pale kando ya mshono umebaki na chini ya nusu ya nguvu yake, na ndipo utakapokunjika.

Usichomelee 6061 bila waya, kwa kuyeyusha kingo zenyewe tu. Mshono hupasuka katikati ukiwa bado wa moto. Waya wa 4043 au 5356 unabadilisha mchanganyiko na kuokoa mshono. Kati ya tabaka na tabaka acha metali ishuke chini ya nyuzi 120.

Kunyosha kwa moto ni hasara isiyoonekana. Bomba la 6061-T6 lililopinda likapashwa kwa gesi "kidogo tu" hadi linyooke limefika mahali sindano zinapoyeyuka au kunenepa, na hakuna alama ya nje. Alumini haibadiliki rangi kama chuma. Haiwi nyekundu, inabaki nyeupe hadi inapodondoka. Nyoosha baridi, au badilisha kipande. Rangi ya unga inayookwa kwa nyuzi 200 kwa dakika 10 hadi 20 haina madhara ya kuhofia. Muda ni mfupi mno. Lakini kishikio cha 6061 kilichofungwa kwenye bomba la moshi, kikae karibu nyuzi 200 miezi na miezi, kitalegea.

Kuna suala linalochanganywa na nguvu kila siku: kuyumba. Kichanja kinachoyumba hakitapona kwa kubadilisha aloi. Ukakamavu wa alumini zote, ya dirisha hadi ya ndege, ni karibu GPa 70, theluthi moja ya chuma. Kinachosaidia ni unene na kimo. Bamba likitoka milimita 3 kwenda 4 linakuwa gumu kuyumba mara 2.4 hivi, na uzito umeongezeka theluthi tu. Anayelipia 7075 ili ubao usiyumbe ametupa pesa.

Kununua T4 na kumalizia mwenyewe

Hii ni njia ambayo mafundi wachache wanaitumia na ingewafaa wengi. 6061-T6 haipendi kukunjwa. Kona kali ya bamba la milimita 3 inapasuka upande wa nje. Ukinunua ile ile ikiwa T4, yaani imepashwa, ikatoswa na kukomaa yenyewe bila oveni, inaanza kupinda kwenye 145 hivi na inakunjika bila kelele. Ukimaliza kuikunja unaivundika: nyuzi 175 kwa saa 8, au 160 kwa saa 18. Inatoka ikiwa T6.

Oveni ya kuoka mikate inafika nyuzi 175 bila shida, na saa 8 za usiku mara nyingi haina kazi. Lakini usiamini kitufe chake. Funga waya wa kipimajoto kwenye kazi yenyewe, si kwenye hewa ya oveni, na anza kuhesabu saa pale metali inapofika joto hilo. Ikizidi hadi 200 kwa saa zote hizo utakuwa umepitiliza. Ikiwa 140 utatoa kitu kibichi na utadhani njia haifai. Safisha mafuta yote kabla. Kata vipande vitatu vya mabaki ya bamba hilo hilo, viwili viingie na kazi, kimoja kibaki nje, kisha vikunje kwenye jiliwa: vilivyoingia lazima vikushinde kwa wazi. Visipokushinda, hata kazi yenyewe haijaiva.

Hata kitu kilichochomelewa kikiwa T4 kikavundikwa baadaye hurejesha sehemu ya nguvu kando ya mshono, kwa sababu pale karibu kabisa na mshono moto uliyeyusha vikundi na hewa ikavipoza. Kwa kazi hiyo tumia waya wa 4043, si 5356: 5356 ina magnesi kama 5% na oveni itaifanyia yale yale yaliyotajwa kwenye 5083.

Hatua ya kwanza, kupasha hadi 530 na kutosa, usiijaribu kwa mkaa. 6061 huanza kuyeyuka kwenye mipaka ya chembe karibu na 582, kwa hiyo una nafasi ya nyuzi hamsini hivi tu, na kipande kilichovuka hakiponi kwa matibabu yoyote. Na kutoka tanuruni hadi majini kwa bamba jembamba una sekunde kama 10. Ukichelewa, mashapo makubwa yanaanza kujitenga njiani na hakuna cha kuvundika tena.

Madirisha: 6063-T5, na angalia ngozi yake kuliko nguvu

Profaili za madirisha na milango ni 6063. Ina magnesi na silikoni kidogo kuliko 6061, inapita kwa urahisi kwenye kifa, yaani tundu linaloipa umbo, inatoka laini, na ina uvumilivu mmoja mkubwa: inaweza kupozwa kwa feni tu pale inapotoka mashineni na bado ikavundikika, saa 3 hivi kwa nyuzi 182 au saa 1 kwa 205. Nguvu ya 145 inatosha fremu ya kioo.

Kasoro inayofika sokoni ni profaili ambayo haikuingia ovenini au iliingia nusu saa. Unaipinda kwa mkono, skrubu inazunguka bila kushika, kona haikazi. Koleo la kupimia ugumu la Webster linaisoma kwa sekunde mbili bila kuikata. T5 nzuri inaonyesha 8 au zaidi. Ukinunua mzigo wa jengo zima, dai kipimo hicho kabla hujashusha.

Kwa nyumba inayoangalia bahari, Mtwara au Lindi mjini, mipako ni muhimu kuliko aloi: anodi (hapa ni ngozi ya oksidi iliyokuzwa kwa umeme) ya mikroni 20 hadi 25, kwani ile ya mikroni 10 ni ya ndani. Na usiache plasta mbichi ikauke juu ya fremu. Saruji mbichi ni alkali, inakula alumini na anodi yake ndani ya saa chache, na lile doa jeupe halitoki. Acha karatasi ya kiwandani hadi plasta ikauke.

7075 na 2024: mvuto wa skrepa

Ukipata kipande cha 7075 kwenye skrepa, ile 503 inakaribia ya vyuma vizuri. Ina zinki, magnesi na shaba, inakomazwa kwa nyuzi 120 kwa saa 24. Ukiichomelea inapasuka wakati wa kupoa, na isipopasuka siku hiyo inaweza kupasuka baadaye ikiwa imesimama tu, kwa mkazo na chumvi pamoja. Watengenezaji wenyewe, wakitaka ivumilie hali hiyo, huipitiliza makusudi: T73 inavundikwa zaidi ya kilele, inashuka hadi 435 na kwa kubadilishana inapata uvumilivu wa nyufa. Kwa hiyo kilele cha ugumu si lazima kiwe mahali pazuri pa kusimama. Tumia 7075 kwa vipuri vya kuchonga kwenye lathe, vya bolti, vya mahali pakavu. Baharini, hapana.

2024 ni ya shaba na magnesi, hukomaa yenyewe ndani ya siku 4 hivi. Riveti zake za ndege hupashwa, zikatoswa, halafu zikawekwa kwenye friza ili zisikomae kabla ya kupigwa. Friza kama ile ya kuhifadhi samaki feri. Ukizitoa una dakika chache kabla hazijaanza kupasuka chini ya nyundo. Shaba yake ndiyo inayoifanya iliwe na chumvi haraka kuliko zote hapa.

Rimu na propela

Rimu nyingi za alumini ni za kumimina, A356-T6: silikoni 7% na magnesi kidogo. Ili irudi T6 baada ya kuchomelewa inahitaji nyuzi 540 kwa saa 12, kutoswa kwenye maji ya moto, na kuvundikwa 155 kwa saa kadhaa; na ikipitia hayo yote inajipinda. Kwa hiyo rimu iliyopasuka mkono wake na kuchomelewa isirudi kwenye barabara ya Mtwara kwenda Masasi. Ukingo uliomomonyoka kwa nje tu unaweza kujazwa. Propela iliyokatika ncha inachomeleka, na ikipinda tena si shida kubwa. Bora ipinde propela kuliko ivunjike gia ya injini.

Kutambua bamba lisilo na chapa

Weka gramu 100 za kostiki soda ndani ya lita 1 ya maji. Soda iingie majini, si maji kwenye soda. Vaa glavu na miwani. Piga msasa sehemu ndogo hadi ing'ae, dondosha tone, subiri dakika 5, suuza. Likibaki jeupe, huenda uko kwenye ukoo wa 5083 na 5052, lakini hata alumini tupu hubaki nyeupe. Kijivu hafifu, ukoo wa 6061 na 6063. Kijivu kilichokoza chenye ukahawia ni cha kumimina, chenye silikoni nyingi. Jeusi kabisa lina shaba: 2024 au 7075, na hilo lisikaribie boti wala mashine ya kuchomelea.

Kipimo hiki hakitenganishi 5083 na 5052, wala hakijui kama 6061 ni T6 au imelegea. Kwa la pili kata ukanda wa sentimita 2 kwa 10, ukunje kwenye jiliwa kwa kona kali pamoja na ukanda wa T6 unaoujua. T6 inagoma kisha inapasuka kwa nje. Iliyopitiliza kwenye joto inakunjika kimya, hadi pande mbili zikutane.